Antonwari ya Poudre

Evere, Bruxelles, tarehe 10 Machi 2024

Mjukuu wangu Bienaimé, mume wangu mdogo,

Nakusalimu wewe, namsalimu Darlène mke mwenzangu, na hilo tumbo lake ambalo naambiwa limeanza kuonekana nalisalimu pia. Mimi nipo. Miguu inavimba, mdomo haujavimba. Anayeandika ni Maman Viviane wa parokia yetu, mtu wa Bukavu. Wiki nzima analea wazee wa watu, na Jumapili baada ya misa ananilea mimi. Nimemwambia aandike ninavyosema, lakini maneno yangu anayapiga pasi. Ukikuta neno zuri sana, ujue ni lake.

Barua inakuja na Papa Hilaire, yule mwenye duka la vitenge Chaussée d'Ixelles. Kila miezi miwili mitatu anasafiri huko Kongo. Ulisema simu zinapekuliwa kwenye vizuizi vya wenye bunduki na mtu anachapwa kwa sababu ya picha ya shemeji yake. Bon, tuandikiane. Karatasi inalala ndani ya kiatu, haiiti mtu.

Sasa sikia jambo lenyewe. Chini yetu anakaa mzee mmoja muzungu, Staf, aliyefiwa na mkewe Paulette. Zamani alikaa Kongo, na Kiswahili kilichombakia ni cha amri tu: leta, ondoa, upesi. Nikimpelekea supu ananiambia, "Leta!" Namjibu, "Leta mwenyewe, mimi si boyi wako." Anacheka hadi anakohoa. Huyu mzee ana chumba chini ya ardhi, na humo anatengeneza antonwari. Maman Viviane anasema kwa Kiswahili cha vitabu ni faneli. Haya, aandike faneli. Anazo tisa! Moja ni shingo ya chupa, nyingine ni bomba la sindano, nyingine mguu wa kinara cha shaba alioukata na kuusugua mpaka unang'aa kama jino la dhahabu. Nikamuuliza, "Staf, una faneli kama muuza mafuta, mafuta yako wapi?" Akasema, "C'est pour la poudre, Lucienne."

Poudre! Unga! Nikakukumbuka hapohapo. Zile faneli zako unazotengeneza kwa kopo la maziwa ni nzuri kwa mafuta ya taa, lakini kwa kitu cha unga shingo yake ni pana, nusu wanakula kuku. Hii ya shaba shingo ni nyembamba, ndefu, na ndani ni laini. Kitu kinashuka bila kukwama. Fikiria wale mamans wanaojaza maziwa ya unga na sabuni ya unga kwenye vifuko vidogo vya nailoni. Watakubeba mgongoni.

Amenipa moja. Ninakutumia. Itazame vizuri, uige.

Usilale na njaa, na usimlaze Darlène na njaa. Anayekupenda kuliko wote waliobaki hai,

Koko wako Lucienne

*

Mushebere, tarehe 2 Juni 2024

Koko, mke wangu wa kwanza,

Tumepokea salamu zako na kilo mbili za sukari. Hapa tunaamka, tunashukuru. Darlène anatapika asubuhi na kunitukana mchana, kwa hiyo mtoto ni mzima. Mvua zimevunja daraja la chini, na bei ya chumvi imepanda. Paa la kanisa limetoboka na padri anatuhubiria akiwa na mwavuli.

Faneli yako, Koko, ni kitu cha ajabu. Nimeikalia siku tatu. Shaba sina, nilitumia bati na vipande vya bomba la maji la misheni, nikazibadilisha kidogo ili zikae kwenye mdomo wa kifuko. Kumi za kwanza ziliisha siku ya soko. Muuza maziwa mmoja alinibusu mbele ya Darlène, ndiyo maana natukanwa.

Nimeandika kibao na kukitundika barabarani, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: ANTONWARI YA POUDRE, MODELI YA BRUXELLES. Watu wanasimama kukisoma. Hata wasio na haja.

Nina mteja mmoja mpya. Amechukua ishirini na ameagiza nyingine. Habishani bei. Kazi ipo, usiogope.

Mwambie Papa Staf asante sana.

Mume wako,
Bienaimé

*

Evere, tarehe 21 Julai 2024

Bienaimé,

Nasalimu haraka, usinione nina adabu mbaya. Miguu iko vilevile. Leo Wabelgiji wana sikukuu yao, ndege za jeshi zinapita juu ya nyumba na vioo vinalia. Maman Viviane nimemkataza kupiga pasi neno.

Barua yako alinisomea mara mbili. Kusoma sijui, unajua, lakini nilichukua karatasi nikaziangalia herufi zako. Zinasimama wima, kila moja mahali pake, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Ile yenye mkia umeikunja mkia kama mbwa aliyelala. Nikasema, mtoto wangu ana mkono safi. Halafu nikarudi kwenye yale maneno: mteja habishani bei. Mimi nimeuza unga soko la Mushebere miaka ishirini na sita. Asiyebishana bei pale ni mlevi au ana bunduki. Huyu wako ni yupi?

Nikashuka kwa Staf. Nikamwambia, "Nionyeshe hiyo poudre." Akafurahi, hakuna mtu anayemuuliza mambo yake tangu Paulette afe. Alichukua chembechembe, kijivu, kama mbegu za mchicha, akaziweka kwenye kisahani nje uani. Akawasha kiberiti. Fuuu! Moto mrefu, halafu hakuna kitu.

Bienaimé, harufu ile ninaijua. Nilikimbia nayo puani mwaka ule babu yako alipobaki nyuma. Ni baruti! Mzee huyu anaokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, anayajaza upya, na faneli ni za hiyo kazi, kumimina baruti ndani ya ganda bila punje kuanguka. Nikamshika shati: "Staf, unamuua nani?" Akasema anapiga karatasi. Jumamosi, na wenzake wa klabu, wanapiga karatasi yenye duara kisha wanakunywa bia. Kila mtu na wazimu wake, huu wake haujamuumiza mtu. Lakini kwa nini hakusema baruti? Yeye alisema poudre, neno la unga na la baruti pia, mimi nikasikia maziwa, wewe ukaandika barabarani kwa rangi nyekundu.

Ondoa kibao. Leo hiihii, kabla hujamaliza kusoma. Kichome, na rangi iliyobaki mwaga. Wakikuuliza, sema fundi uliyeiga kwake amekufa.

Na nikuambie jambo lingine, maana nikilibeba peke yangu litanichubua bega. Staf hakunipa ile faneli. Niliichukua. Alikuwa nazo tisa, nikaona nane zinamtosha mtu mmoja. Aliitafuta wiki mbili, akaniuliza, nikasema labda panya. Panya wa kubeba shaba! Na yeye akaniamini.

Kibao, Bienaimé.

Koko

*

Mushebere, tarehe 15 Agosti 2024

Koko mpenzi,

Tunakusalimu sote. Tangu Juni sijapata barua yako. Wanasema Papa Hilaire amekwama mpakani na mizigo yake. Darlène tumbo limeshuka, maman mkunga anasema ni wiki chache. Mihogo ya nyuma ya nyumba imeshika. Padri amehama.

Kibao changu hakipo tena. Walikiondoa wao.

Walikuja wanne wenye bunduki. Mkubwa wao wanamwita Waziri, sijui kama ni jina lake au ni cheo alichojipa. Alikisoma kibao polepole, akaniuliza, "Fundi, nani amekuambia siye tuko na lazima ya poudre?" Nikamwambia, "Mkubwa, hizi ni za maziwa." Walicheka wote. Akasema, "Ya maziwa! Huyu iko mujanja, huyu." Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Koko, sikuwa naelewa wanacheka nini mpaka waliponipeleka kwenye ile shule ya msingi, darasa la tatu, mahali nilipojifunzia kuandika. Kuna magunia ya maganda. Wanayaokota kila baada ya vita.

Walisema anayejua faneli anajua na mengine. Siku mbili kwa wiki kwanza. Sasa ni siku tano. Wao wana vyuma vyao vya kubana na kugonga, mimi namimina. Sijashika bunduki, ujue hilo. Namimina tu, faneli yangu, kipimo changu, kikopo kidogo nilichochonga mwenyewe, kwa sababu cha kwao kilipotea.

Darlène anajua natengeneza madawati ya shule.

Mambo mengine karatasi haibebi. Usimuulize Papa Staf kitu chochote. Usijilaumu, ulikuwa hujui.

Mume wako,
Bienaimé

*

Evere, tarehe 6 Oktoba 2024

Bienaimé wangu, mboni ya jicho langu lililobaki,

Papa Hilaire ametoka. Barua yako imefika, na yangu ya Julai anasema aliiacha kwa mtu wake wa mpakani, labda umeisoma, labda imefungiwa karanga. Amesikia pia kwamba Darlène amejifungua msichana. Nililia kanisani mpaka Maman Viviane akanipa kitambaa chake, na alikuwa amekipiga wanga, kikanikwaruza uso. Mmempa mtoto jina gani? Kama si langu, sitanuna. Nitanuna kidogo.

Sasa nisikilize kama ulivyonisikiliza ulipokuwa na surua.

Kwanza: kimbia. Mchukue mke, mchukue mtoto, uvuke ziwa na wauza samaki, uache nyundo, uache nyumba. Nyumba ni udongo. Mimi nimeacha nyumba tatu.

Lakini najua utasema, Koko, wananihesabu asubuhi na jioni, na mtoto ana siku chache. Alors, kama bado huwezi kukimbia, nina jambo la pili. Kabla ya kulisema itabidi nijivue nguo mbele yako na mbele ya Maman Viviane, ambaye tangu mwaka juzi ananiona mimi ni mtakatifu.

Unamkumbuka Maman Mwenze, jirani yangu wa sokoni? Siku ile alisimama katikati ya watu, mikono kiunoni, akapiga kelele: "Lucienne ni mwizi! Kopo yake inakula!" Nami nikapiga magoti, nikachota mavumbi, nikaapa kwa kaburi la baba yako, mwanangu wa pekee, kwamba sijawahi kumpunja mtu. Kila mtu akaniamini. Na wewe ulipigana na mtoto wa Mwenze shuleni kwa ajili yangu, ukarudi huna jino.

Mwenze alisema kweli.

Kopo yangu ilikuwa na tumbo ndani. Niliigonga kitako kwa jiwe, polepole, ikabonyea kuelekea juu kama kidole gumba. Unga nilijaza mpaka ukasimama mlima, mteja akaona mlima, akafurahi, akanishukuru. Watu wanaangalia kilele, mtoto wangu, hawaangalii kitako. Ndivyo nilivyokulisha. Ndivyo ulivyokwenda shule ukapata huo mkono safi. Niliapa uongo juu ya kaburi la baba yako, na ukiwa unataka kunichukia, nichukie, lakini baada ya kufanya ninachokuambia.

Wewe unamimina kwa faneli yako na kikopo chako. Hakuna aliyekitazama ndani. Wataona kimejaa. Ganda lisiloshiba baruti, risasi yake haifiki mbali.

Sasa Maman Viviane ameweka kalamu chini. Ananiambia, "Koko, wakigundua je?" Nimemwambia aandike hilo pia. Wakigundua, watakuua. Najua. Naituma barua hii nikijua. Lakini hizo risasi zinakwenda kwa watu, Bienaimé, na watu hao nimewauzia unga. Kwa hiyo la kwanza bado ni la kwanza: kimbia. La pili ni la siku zile ambazo huwezi.

Kula kwanza, halafu fikiri.

Koko wako, mwizi

*

Mushebere, tarehe 1 Desemba 2024

Koko, mke wangu, mwizi wangu,

Mtoto anaitwa Lucienne. Usinune. Ana mdomo wako.

Barua zako mbili nilizipata siku moja, ile ya kibao na ile ya kopo. Ile ya kibao niliikunja nikairudisha kiatuni. Ile ya kopo, nisamehe, nilicheka mpaka Darlène akafikiri nimechanganyikiwa. Jino langu, Koko! Miaka yote nalilipia kopo lenye tumbo!

Nimeweka tumbo. Kwenye kikopo, na kwenye shingo ya faneli pia, ukingo mdogo ndani, mahali macho hayafiki. Usiku sifanyi, nafanya mbele yao, mchana, wakicheza karata.

Wiki ya tatu tukaanza kusikia. Risasi zao zinakohoa. Walipanda kwenye mashamba ya juu kuchukua ng'ombe, watu wakatawanyika wakikimbilia mtoni, na wale wakapiga, wakapiga. Hakuna aliyeanguka. Maman Mwenze alikuwa anakimbia na beseni yake ya unga kichwani, hakuitupa, unamjua. Kitu kikagonga beseni, ting! Alipofika ng'ambo akaishusha, akakuta imebonyea kuelekea ndani. Basi. Kimebonyeza tu. Ametembeza hiyo beseni soko zima, anasema ni Bikira Maria.

Nilimwendea. Nikamwambia, "Koko Lucienne anakusalimu, na anasema ile siku ya kopo ulikuwa na haki." Alinitazama sana. Akasema, "Mimi nilijua tu. Lakini unga wa Lucienne haukuwa na mchanga, ndiyo maana nilirudi." Anakusalimu. Anasema ukirudi utamlipa kwa kumsuka nywele.

Waziri hacheki tena. Jana alichukua ganda moja, akalitikisa sikioni, akaniangalia. Akalitia mfukoni.

Nimemvusha Darlène na mtoto na wauza samaki. Wako ng'ambo, kwa mtu ambaye Papa Hilaire anamfahamu. Mimi nitavuka siku ya soko, Alhamisi, watu wakiwa wengi. Nikifika nitakuandikia. Nitakuwa na mengi ya kukuambia, na mengine nitakuambia kwa mdomo.

Mume wako,
Bienaimé

*

Mushebere, tarehe 26 Januari 2025

Nyanya mpendwa sana,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema. Mimi mjukuu wako Bienaimé ni mzima kabisa na hali ya usalama ni nzuri. Kazi yangu inaendelea vizuri na wakubwa wangu wananitunza vizuri.

Nyanya, nakuomba umwambie yule mzungu akupe faneli nyingine na kipimo chake, vilivyo sahihi, kwa sababu hii ya kwanza inapunguza. Utume kwa njia ya kawaida haraka.

Pia nimepoteza karatasi yenye mahali alipo mke wangu Darlène na mtoto. Nyanya, niandikie mtaa na jina la mwenye nyumba ili niwapelekee chakula. Usichelewe.

Wako katika upendo,
Bienaimé

*

Evere, tarehe 9 Machi 2025

Wewe uliyeandika,

Jina lako silijui, kwa hiyo siwezi kukusalimu vizuri. Nawasalimu waliokuzaa. Kama wako hai, Mungu awape nguvu, watazihitaji.

Maman Viviane alifungua barua yako akaanza kupiga makofi. "Koko, yuko mzima! Amesema ni mzima kabisa!" Alicheza hapa jikoni, mama mtu mzima, na viatu vyake vya kazini. Nikamwambia, "Leta karatasi." Akasema, "Lakini Koko, wewe husomi." Nikasema, "Leta."

Mimi sijakanyaga shule. Hayo uliyoyaandika, mpaka nisomewe. Lakini mkono wa mtoto wangu ninao chini ya godoro, karatasi tatu. Nilizipanga mezani, na yako pembeni. Herufi zake zinasimama. Zako zote zimelala upande mmoja, kama watu wanaokimbia. Ile yenye mkia yeye anaikunja, wewe umeuacha mkia unaning'inia. Nilizishusha kwa Staf chini, akavaa miwani yake akazitazama muda mrefu. Akasema, "Pas la même main, Lucienne." Si mkono uleule. Hapo nikamwambia yote, ya panya na ya shaba. Hakunitukana. Alizikusanya faneli zake nane ndani ya mfuko, akaketi nao mapajani kama mtu anayengoja basi. Supu ilipoa.

Na tena, Bienaimé hajawahi kuniita Nyanya. Mimi ni Koko, mimi ni mke wake, mimi ni mwizi wake. Ungemuuliza angekuambia. Kwa hiyo hukumuuliza, au ulimuuliza akakataa. Au hawezi tena kuulizwa. Nimezihesabu hizo tatu asubuhi hadi jioni, kama punje za rozari, na sijui nimeshika ipi.

Unachotaka hukipati. Faneli hakuna. Darlène alipo sijui, na ningejua ningemeza ulimi. Umempelekea chakula nani, wewe, maishani mwako? Tena mtu anayempelekea mke wake chakula hatafuti jina la mwenye nyumba.

Mwambie mkubwa wako Waziri kwamba kipimo kilichopunguza ni changu. Si cha fundi. Mimi nilikigonga miaka thelathini iliyopita kwa jiwe, sokoni, na mimi nilimfundisha. Kama anatafuta mwenye kosa, anakaa Evere, ghorofa ya pili, miguu imevimba, hawezi kukimbia. Aje. Nitampikia kwanza, halafu tutaongea.

Sasa wewe. Unajua kuandika. Kuna mtu aliyekulipia hiyo. Labda ulikuwa na koko wako mwenye kopo yake sokoni, na labda ilikuwa na tumbo ndani kwa ajili yako. Alikufundisha uandike nini? Umekula leo? Nakuuliza kwa kweli. Sauti yako kwenye karatasi ni ya mtu anayeogopa, na mwenye kuogopa mara nyingi hajala.

Nitakuomba kitu kimoja, na sikiombi kama adui. Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi nyingine, haijaandikwa kitu. Mpe Bienaimé. Kama vidole vinauma, mshikie kalamu usimsukume. Asiandike habari, asiseme ni mzima. Apige mstari mmoja tu, popote. Mkono wake nitaujua.

Na kama huwezi kumpa, usinidanganye tena kwa herufi zako zinazokimbia. Nirudishie karatasi hiyo tupu, kama ilivyo.

Sijui kusoma. Hiyo nitaisoma mwenyewe.

Lucienne, koko wa Bienaimé